Fimbo chini ya maji: nani abebe, nani aiache chomboni

Wateja wanaokuja kwetu Nungwi, Zanzibar, kujifunza kupiga mbizi, hasa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walioangalia video nyingi kabla ya kufika, hutuuliza kama wanunue ile fimbo fupi ya chuma ambayo baadhi ya wapiga mbizi huishika mkononi. Jibu letu ni usinunue, angalau si sasa. Na kama unayo tayari, tutakuomba uiache chomboni mpaka tukuone majini. Wapo wanaokereka na jibu hili, kwa hiyo tunalieleza hapa kwa kirefu.

Fimbo yenyewe ni kijiti cha alumini au chuma kisichoshika kutu, urefu wake sentimita 30 hadi 40, chenye kitanzi cha kuvaa mkononi. Imezoeleka sana sehemu kama Lembeh, Indonesia, ambako watu huzamia kwenye mchanga mweusi na tope wakitafuta viumbe wadogo: samaki chura, farasi wa baharini, pweza wadogo, konokono wasio na gamba. Mpiga picha wa huko hushuka karibu kabisa na chini. Akipiga mapezi ya miguuni mara moja tu tope hutimka, picha inaharibika na mwenzake wa nyuma haoni kitu. Basi huchomeka ncha ya fimbo mahali patupu, akaegemea kwa vidole viwili, akapiga picha, kisha akajisukuma taratibu kurudi nyuma. Kazi hiyo hatuipingi. Ncha moja kwenye mchanga ina madhara madogo kuliko magoti mawili na tumbo.

Lakini mbizi zetu nyingi si za tope. Ukishuka kisiwa cha Mnemba, au kwenye miamba ya huku kaskazini, chini yako kuna matumbawe. Tumbawe ni mnyama hai, na nyama yake ni utando mwembamba mno juu ya mifupa ya chokaa. Ncha ya chuma huuchana utando huo bila wewe kuhisi chochote mkononi. Matumbawe ya mabonge, yale ya jamii ya Porites, hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo bonge lenye kimo cha mita moja lina umri wa karibu miaka 100. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, ila ndiyo yanayovunjika upesi. Na yote hayo yameshapitia joto la 1998, mwaka ambao matumbawe ya mwambao wetu, Kenya na Tanzania, yalipauka na mengi yakafa. Tunachowaonyesha wageni leo ni kilichosalia na kilichoota upya tangu hapo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mpiga mbizi mgeni anayetamani fimbo. Mara nyingi anachotaka ni kitu cha kujishikia, kwa sababu mwili wake hautulii majini. Miguu inazama, kichwa kinanyanyuka, mikono inapigapiga. Sababu kubwa ya hali hiyo ni risasi, yaani vipande vya madini vya kuongeza uzito, nyingi mno kiunoni. Aliyebeba kilo mbili za ziada hulazimika kujaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea ili asizame. Hewa inamvuta juu kifuani, risasi zinamvuta chini kiunoni, na mwili unasimama wima badala ya kulala. Mpe mtu huyo fimbo naye ataichomeka kwenye chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni mwamba. Tena mkono ulioshika fimbo ndio uliotakiwa kubana pua masikio yanapouma, kutoa hewa kwenye jaketi, au kumpa mwenzake pumzi ya akiba.

Dawa yake ni kupima uzito, na kwetu kipimo hiki kimo ndani ya bei ya mbizi. Unaelea juu ya maji wima ukiwa na vifaa vyote, jaketi halina hewa, umeshika pumzi ya kawaida. Maji yakikufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi ukazama polepole, uzito ni sawa. Ukizama kama jiwe, tunapunguza risasi. Tunapenda kukipima kipimo hiki mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa bar 200 hubeba zaidi ya kilo mbili za hewa, na sehemu kubwa unaimaliza ukiwa chini. Baada ya hapo tunakupeleka kwenye mchanga mtupu, ujifunze kupanda na kushuka kwa pumzi peke yake. Wengi wakishaweza hilo hawaiulizii fimbo tena.

Wengine hutuambia wanaitaka kwa ulinzi. Anayewatisha wageni zaidi ni yule samaki kikande mkubwa anayelinda kiota chake. Kweli hufukuza, na kweli huuma. Eneo analolilinda limepanuka kuelekea juu mithili ya faneli, kwa hiyo ukikimbilia juu bado umo ndani ya himaya yake. Ogelea kwa ulalo utoke, huku mapezi yakiwa kati yako na yeye. Kumchokoza kwa fimbo kunamwongezea hasira tu. Na mchanga msiudhani kuwa mtupu kila mahali. Samaki aina ya taa hujifukia humo, na samaki mwenye miiba ya sumu anaweza kulala palepale unapotaka kuchomeka.

Linalotuuma kuliko yote ni kuchokonoa wanyama. Kumtoa samaki mkunga shimoni, kumgeuza farasi wa baharini atazame kamera, kumsumbua pweza mpaka abadili rangi. Utafiti wa wanasayansi uliochapishwa 2019 uliwapima samaki wa chini, farasi wa baharini wakiwemo, na ukakuta kwamba mwanga wa kamera hauwasumbui kuliko kule kuwepo tu kwa binadamu. Kilichowatia taharuki kubwa ni kushikwa na kusukumwa. Kwa wanakijiji nalo ni suala la haki. Majirani zetu wanaovua pweza maji yakipwa wakati wa bamvua huhimizwa kila mara wasivunje mwamba kwa fimbo na vyuma vyao, na hiyo ndiyo riziki yao. Hatuwezi kuwaambia hivyo asubuhi, halafu mchana tukashusha wageni wanaochokonoa mwamba uleule kwa ajili ya picha.

Viongozi wetu wa mbizi wao hubeba fimbo, na mtaiona. Huitumia kuonyesha kiumbe kwa mbali, na kugonga mtungi pale tu panapohitajika: mtu amechepuka, hewa inakaribia kuisha, mkondo umebadilika. Sauti majini husafiri kwa kasi mara nne na zaidi kuliko hewani, hivyo sikio halitambui imetoka upande gani. Ukisikia mlio wa kugonga, geuka umtafute kiongozi kwa macho. Wakigonga watu sita kwa kila samaki, mlio wa hatari hautasikilizwa na yeyote.

Mpiga picha mwenye uzoefu anaruhusiwa fimbo kwenye mbizi za mchanga na majani ya bahari. Tunataka iwe na ncha butu, isiwe na kulabu, na ibanwe kifuani mwa jaketi wakati wa kuruka kutoka chomboni na wakati wote ukipita juu ya matumbawe. Inayoning'inia mkononi hukwaruza mwamba mwenyewe akiangalia kwingine. Zile za kuvuta na kurudisha hukwama kwa chumvi na mchanga, kwa hiyo nunua iliyo kipande kimoja.

Unapoandikisha mbizi, tutajie kilo za risasi ulizobeba mara ya mwisho, aina ya mtungi uliotumia, na kama ulivaa suti nene au nyembamba. Ukiwa huzikumbuki, fika dukani nusu saa kabla ya wengine, tukupime maji yakiwa yamejaa.