Cha juu cha spea ndicho kinachotumaliza, sio ufundi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa kimya wa miaka mingi, sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila ile ripoti yenu ya gharama za gereji hapa Dar imenikaa kooni. Ukurasa mzima mmewahoji wenye gereji na wauza spea, wote wakalia dola na ushuru, alafu mkamalizia kwamba wenye magari wengi wanajiharibia wenyewe kwa kushikashika magari badala ya kuwaachia wataalamu. Mwenye gari hata mmoja hamkumuuliza.

Sasa huyo anayeshikashika ni mimi. Ni mama wa Tabata, naendesha Toyota IST, oili namwaga mwenyewe, plagi nafungua mwenyewe, ea klina na brekpedi za mbele nabadilisha mwenyewe pale pale uani. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori na mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi usiku, kwahiyo spana kwangu sio kitu cha ajabu, na gari yangu haijawahi kusimama njiani kwa sababu ya mikono yangu.

Ngoja niwaambie kilichonipata. Gari ilianza kutetemeka kwenye foleni ya Buguruni, ukisimama tu usukani wote unacheza, taa ya injini ikawaka, na ukikanyaga mafuta inasitasita. Wiki ile tulikuwa na msiba Morogoro, nyumba imejaa wageni, nikaona acha nilipe hela nipate utulivu, nikaipeleka gereji moja kubwa tu, ina geti, ina bango, vijana wamevaa ovaroli. Fundi mkuu akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akaniambia "mama hii injini imeshachoka." Ikaja karatasi. Koili zote nne (zile zinazozipa plagi umeme wa kuchomea mafuta), plagi nne, maunting za injini, kusafisha throto, na chini kabisa taiming belti pamoja na ufundi wake, jumla milioni moja na laki mbili na ushee. Mhariri, IST haina taiming belti, ule mkanda wa kuendesha valvu za injini! Injini yake ya 1NZ, na hata ile ndogo ya 2NZ, inatumia cheni, na cheni sio kitu cha kubadilisha kwa ratiba kama belti, ukibadilisha oili kwa wakati inakaa miaka na miaka. Yaani nilikuwa naenda kuuziwa kitu ambacho ndani ya gari yangu hakipo, na kulipia mtu wa kukifunga. Nikamuuliza hiyo belti iko upande gani, akanijibu "mama haya mambo tuachie sisi." Nikaomba ufunguo wangu. Wakanidai elfu 30 ya kupima kwa mashine, na mashine yenyewe sikuiona ikichomekwa popote, nikalipa kwasababu gari ilikuwa ndani ya geti lao na geti limefungwa. Mnisamehe kwa kuandika kwa hasira lakini hapo ndipo watu wanapoumizwa kila siku, hasa sisi wanawake, ukiingia tu na pochi begani wanajua leo wamepata.

Jioni injini ilipopoa nikachomeka kale kadude kangu ka kusomea makosa ya gari, vinauzwa Kariakoo, kanaongea na simu kwa bluetooth. Ikatoka P0302, maana yake silinda namba 2 haichomi vizuri. Koili inashikiliwa na bolti moja tu ya namba 10. Nikachomoa ya silinda ya 2 nikaiweka ya 3, ya 3 nikaileta kwenye 2, nikafuta yale makosa, nikawasha nikazunguka mtaa. Ikarudi P0303. Ugonjwa umeifuata koili, kwahiyo koili ndio mbovu, na ni moja, sio nne. Kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo nikapata ya mtumba toka Japani kwa elfu 45 na msibani tulifika salama.

Na mafundi sio wote wabaya, huku mtaani kwetu kuna kijana wa giaboksi namkabidhi gari nikiwa nimelala. Tatizo ambalo ripoti yenu haikuligusa kabisa ni cha juu, ile hela fundi anayoiongeza kimya kimya kwenye bei ya spea. Kila mtu Dar anakijua. Fundi anakwambia spea ni laki na themanini, anapiga simu dukani mbele yako, wanaongea kwa mafumbo, unatuma hela, duka linaandika risiti ya laki na themanini, bei ya kweli ni laki na kumi, ile sabini inagawanwa. Na inafika hapo kwasababu ufundi wenyewe haulipwi, wapo wateja wanaombana kijana ashushe giaboksi siku nzima kwa elfu 30 alafu wanashangaa amewapiga kwenye spea. Angelipwa ufundi wake kwa haki asingekuwa na haja ya kukisia, maana mwenye cha juu hana faida ya kutafuta koili moja mbovu, faida yake ni kubadilisha zote nne.

Jirani yangu wa Segerea kaandikiwa lita 6 za oili kwenye IST kama yangu. Inaingia kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, galoni ya lita 4 inatosha na inabaki. Hizo lita mbili zilizobaki ziko wapi? Hakupewa jibu na hakupewa risiti, wakati TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kadai risiti gereji uone unavyoangaliwa.

Sisemi kila kitu mtu afanye mwenyewe. Eabegi usiguse. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, nunua stendi. Haidroliki, yaani oili ya giaboksi, ya CVT (ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) sio haidroliki ya giaboksi ya kawaida, ukichanganya umeiua. Lakini mtu kuambiwa asibadilishe hata plagi ya gari yake mwenyewe, hapana.

Na kama mlitaka kuandika madhara mngeandika ya oili chafu. Nyuma ya hizo gereji za mabondeni nendeni mkaangalie mitaro, ni nyeusi tii, kijana anakinga oili kwenye karai alafu anamwaga hapo hapo, mvua ikinyesha inashuka Msimbazi, na bonde hilo hilo watu wanalima mchicha tunaokula wote, yaani mimi siku hizi nikinunua mchicha nauliza umetoka wapi. Na oili chafu ina wanunuzi! Mafundi seremala na wajenzi wanaitafuta wapake mbao zisiliwe na mchwa. Ya kwangu naijaza kwenye madumu, fundi paa wa mtaani anaipitia. Kwanini kila kituo cha mafuta kisiwe na pipa la kukusanyia? Watu wanamwaga kwasababu hamna pa karibu pa kuipeleka, na hilo halihitaji mfadhili wala kongamano.

Ninachotaka ni hivi. Gereji yoyote yenye leseni iweke ubao getini, bei za ufundi tu, zimeandikwa kwa rangi: kumwaga oili, kubadilisha plagi, pedi, shokapu, bushi, kupima kwa mashine. Spea iliyotolewa irudishwe kwa mwenye gari ndani ya boksi la ile mpya, hata kama ni chafu, aione. VETA, chuo cha ufundi, pale Chang'ombe wafungue darasa la Jumamosi asubuhi kwa wenye magari, sio la kutafuta cheti, la kujua tu oili, plagi, pedi na kusoma yale makosa kwenye simu, na wanawake tutajaa, nawahakikishia.

Na nyie mna kazi yenu. EWURA wanatangaza bei za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na nyie mnazichapa, kila mtu anaingia sheli akijua anatakiwa kulipa nini. Mtumeni mwandishi Shaurimoyo na Gerezani kila wiki aulize bei maduka matatu manne, aende kama mteja, asiongozane na fundi, mchape Jumamosi, mpya na mtumba kila moja kwa bei yake. Anzeni na koili za IST, pedi za mbele za Noah na shokapu za Passo. Hiyo orodha nitaikata niibandike getini kwangu, na majirani wote watapiga picha.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam