Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia Zetu za Pikipiki na Magari ya Porini

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini. Mimi nazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kuamua njia zipite wapi, na kwa nini baadhi ya njia mlizozizoea zimefungwa.

Kinachoharibu njia ni maji kuliko matairi. Kosa letu kubwa lilikuwa kufuata mapito ya ng'ombe. Ng'ombe hukata moja kwa moja kwenda kunywa, na pito linaloshuka mlima hivyo hugeuka mfereji, kisha korongo. Sasa njia inakata mlima kwa mshazari. Mteremko wake usizidi asilimia 10 kwa wastani, wala usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Mlima wa asilimia 12 unapewa njia ya asilimia 6. Kupima, chukueni kamba ya mita 20 na mpira wa maji wa fundi ujenzi. Tofauti ya mita 2 kati ya ncha mbili ndiyo asilimia 10.

Uso wa njia ulale kuelekea bondeni, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ya upana. Hilo peke yake halitoshi, maana matairi huchimba katikati na kuacha ukingo unaozuia maji kutoka. Ndiyo maana kila baada ya umbali mfupi tunaishusha njia kidogo kisha tunaipandisha, ili maji yatokee pale chini. Matuta ya udongo yaliyorundikwa baadaye hayadumu. Waendeshaji huyakwepa pembeni na njia inapanuka.

Udongo wenyewe Wasukuma walishaupanga kabla yetu. Luseni, mchanga wa juu karibu na majabali, hupitisha maji upesi, nasi tumeupa njia nyingi. Itogolo ni mgumu, haunywi maji, na ukishachanika hauponi. Mbuga, ule mweusi wa bondeni, ukilowa hata winchi, mashine ya kuvutia gari lililokwama, hukosa pa kushika. Njia zinazogusa itogolo na mbuga zitafungwa masika yote, Machi hadi Mei, na siku za mvua za vuli. Najua wapo watakaonung'unika.

Ngitili hatuingii kabisa. Ni akiba ya malisho ya kiangazi, na nyasi kavu zikinasa kwenye bomba la moshi huwaka.

Ziwani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo mafunjo na fukwe si uwanja wa mazoezi. Ardhi ya kijiji huombwa kwa halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu huombwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ridhaa ya mdomo ya mwenyekiti wa kitongoji si kibali.

Njia za pikipiki zitabanwa mlangoni kwa mawe mawili yaliyoachana mita 1, gari lisipenye. Mawe hatununui, hapa ni Mwanza.

Kazi inayofuata ni kufunga vitambaa: bluu katikati ya njia, nyekundu pasipopitika. Tutakagua mstari mvua ikinyesha, kabla jembe halijagusa ardhi. Njooni na mabuti, panga na kamba. Pikipiki ziacheni nyumbani.