Tuwatazame punda wetu kwato

Mhariri,

Wiki iliyopita, pale gatini Lamu, nilimwona punda wa jirani yangu akibebeshwa saruji kutoka jahazini huku anachechemea. Nikamwinua mguu. Ukwato ulikuwa umerefuka mbele hadi kupinda, na chini, kandokando ya ile sehemu laini ya pembetatu, pamejaa uchafu mweusi unaonuka. Nilipobonyeza kidogo tu alitetemeka, akavuta mguu.

Punda ndiye gari letu hapa. Mchanga, matofali, mitungi, yote mgongoni mwake. Pumba na maji tunampa, lakini miguu hatuitazami mpaka achechemee. Ukwato hukua daima kama kucha; usipochongwa kila baada ya wiki 6 hadi 10 hivi, mnyama hukanyaga vibaya na kano zikaumia. Tena asili ya punda ni nchi kavu yenye mawe, na kwato zake hunyonya unyevu upesi. Kumfunga usiku kucha juu ya mkojo na kinyesi ni kumwozesha miguu angali hai.

Wenye punda wenzangu, nawasihi: jioni akishatuliwa mzigo, mwinueni mguu mmoja mmoja, mkwangue uchafu kwa kijiti au kisu butu. Kuchonga mwachieni mjuzi. Kliniki ya punda ipo hapa mjini tangu 1987, na matibabu ni bure. Panga lisiguse ukwato kabisa, nimeshaona damu.

Jirani alimpeleka kesho yake. Punda sasa yuko kivulini, anapumzika.

Mwenye punda,
Langoni, Lamu