Ua uchorwe kwanza, vyumba vifuate

Ndugu Mhariri,

Ramani nyingi za nyumba za gharama nafuu zinazochorwa Dar es Salaam siku hizi zina kosa lilelile. Vyumba vinapangwa mpaka kiwanja kiishe, kisha kipembe kinachobaki kinaandikwa "eneo la pamoja". Watu wakihamia, haupiti muda kipembe hicho kinakuwa kijiwe cha bodaboda upande mmoja na jalala upande wa pili, halafu wapangaji wanalaumiwa kwamba hawana ustaarabu.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni haikupangwa hivyo. Ina vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi unaonyooka kutoka kibarazani hadi uani, kwenye jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Ukifungua milango ya mwisho yote miwili, ukumbi ule unavuta upepo nyumba nzima bila feni. Kaya sita ziliweza kuishi humo, kila moja na chumba chake, kwa sababu kufua, kupika, kusuka na kulea vyote vilifanyika nje ya chumba. Ukiipandisha nyumba hiyo ghorofa mbili na kuufuta ua, kazi hizo hazifi, zinahamia ngazini. Ndiyo maana jiko la mkaa linawashwa kwenye korido, na moshi unapanda hadi kwa jirani wa juu mwenye mtoto mchanga.

Jiji litapanda juu, hilo halina ubishi. Ghorofa za Magomeni Kota, zilizozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644, zimeshaonyesha njia. Hoja yetu ni kwamba kwa mwenye kipato cha chini, ghorofa mbili au tatu zinazozunguka ua ni nafuu kuliko mnara, kwa kuwa hazidai lifti, na lifti ni gharama isiyokwisha.

Ua mmoja ubebe kaya 10, au 12 zikizidi sana. Kwa idadi hiyo kila mtu anajua ndoo iliyoachwa karoni ni ya nani. Zikifika 30, ndoo haina mwenyewe. Upana wa ua usipungue kimo cha jengo: jengo la mita 9 lidai ua wa mita 9, la sivyo chini kunakuwa giza na nguo hazikauki. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwani jua letu la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma. Pepo za kusi na kaskazi zote hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo acha ukumbi wazi wa mita 2 kwenye jengo la mashariki ili upepo uingie. Banda la kupikia liwe magharibi mwa ua, lenye ukuta wa mita moja tu na paa lililoachiwa nafasi juu, moshi uende zake. Usije ukaliweka banda hilo mashariki: vyumba vyote vitanuka samaki.

Sasa maji, ambako ndiko ua hufia. Kaya 10 za watu watano watano ni watu 50. Kwa lita 40 kila mmoja kwa siku, simtanki mbili za lita 5,000 zinavumilia mgao wa siku tano. Tanki moja likijaa ni tani tano, na kitako chake hakipendi mwinuko hata wa kokoto moja. Zege lisiposawazishwa vizuri, plastiki hupasuka chini, na mara nyingi lawama anabebeshwa muuzaji. Paa la mita za mraba 150 hukusanya karibu lita 120 kwa kila milimita moja ya mvua, ukishatoa kinachopotea. Lakini maji ya kwanza yana vumbi na mavi ya kunguru, na Dar haina uhaba wa kunguru. Yapeleke kwenye pipa la lita 100 lenye bomba dogo la kumwagia chini. Likishajaa, maji safi yaendelee tankini. Pipa lisipomwagwa baada ya kila mvua halina maana, basi koki yake iwe kimo cha kiuno, mahali watu wanapopita.

Karo la kufulia literemke sentimita 2 kwa kila mita, na mwishoni liwe na chemba ya kunasa mchanga, wali na nyuzi. Hapa mafundi wengi huharibu. Wanamwaga mfuniko wa zege wa sentimita 50 kwa 50, unene 5. Huo una kilo 30, na mama aliyejifunga kanga hatauinua peke yake, hivyo chemba haifunguliwi hadi maji yarudi uani. Punguza uwe 40 kwa 40: ni kilo 19, tena uwekewe vishikio viwili vya nondo. Maji ya sabuni yaende kwenye migomba.

Choo hatushauri kishirikishwe. Choo cha pamoja ni undugu wa kulazimishana. Kila kaya iwe na chake, ila tanki la majitaka liwe moja. Tunakadiria lita 180 kwa kila mtu na kuongeza 2,000, jumla lita 11,000 kwa watu 50. Tanki lenye urefu wa mita 4.8, upana 1.6 na kina cha maji 1.5 linatosha, likigawanywa vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili. Liwekwe karibu na lango, na lango liwe mita 3, kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliruki ukuta. Tumeona ua uliozungushwa majengo pande zote nne, tanki katikati. Masika yakija hapo, kila mtu anavaa buti.

Mwisho ni umeme wa pamoja, chanzo cha ugomvi kuliko vyote. Pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa moja kwa siku, na taa nne za wati 9 zikiwaka usiku kucha, zinakula karibu uniti 35 kwa mwezi. Kwa kaya 10 ni uniti tatu na nusu kila moja, kiasi ambacho hakina sababu ya kugombanisha watu. Kinachowagombanisha ni pampu kuunganishwa kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya mpangaji wa chini. Ua uwe na LUKU yake, na mita ifungwe ukutani chini ya ngazi, kimo cha macho, ili kila anayepanda kulala asome uniti zilizobaki.

Wasanifu na mafundi ujenzi,
Temeke, Dar es Salaam