Anayeuza gari bovu auonyeshe ubovu wake

Kwa Mhariri,

Nimefanya kazi ya umakanika hapa Mombasa kwa miaka 38, na tangu nilipofunga gereji yangu shughuli iliyobaki ni kuitwa na watu walioona magari ya zamani kwenye intaneti, wakitaka niwatazamie kabla hawajatoa pesa zao. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo moja kuhusu matangazo ya magari ya michezo ya kale yanayohitaji kufufuliwa. Wauzaji wengi huyaficha yale yale ambayo mnunuzi wa gari la namna hiyo huyatafuta kwanza, na kwa kufanya hivyo hujipunja wenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa yalitupata sisi. Marehemu kaka yangu aliacha Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake cc 2,393, ambalo lilikuwa limekaa miaka 14 chini ya mwembe huko Likoni likiwa limefunikwa turubai. (Wanaoishi bara huenda wasijue kwamba turubai linalogusa bodi karibu na bahari hudhuru kuliko jua, kwani hushika unyevu wa chumvi usiku na kuubakiza hapo hadi alasiri.) Kijana wake, ambaye ni mjuzi wa simu, alijitolea kuandika tangazo. Aliliosha gari, akalipiga picha mbili likiwa bado limelowa maji, maana rangi iliyopauka ikilowa hung'aa kama mpya, kisha akaandika kwamba gari liko katika hali nzuri, linahitaji kazi ndogo tu, na kwamba liliwahi kushiriki Safari Rally. Bei aliipata kwa kusoma habari za mnada wa mtandaoni wa Marekani ambako, Januari 2020, gari la aina hiyo liliuzwa kwa dola 310,000. Kwamba lile la Marekani lilikuwa limetembea maili chache mno na kutunzwa kama yai, ilhali letu lilikuwa na kiota cha panya chini ya kiti cha dereva, hilo hakulipa uzito.

Simu zilipigwa kwa wiki tatu, na watu saba wakafika hadi Likoni. Wote walifanya jambo lile lile: walichuchumaa, wakaingiza vidole nyuma ya mlango, pale chini mbele ya gurudumu la nyuma, wakavitoa vikiwa na magamba ya kutu, wakanyamaza. Baada ya ukimya huo bei waliyoitaja haikufika hata nusu ya ile tuliyoitangaza. Wala si kutu peke yake iliyoishusha, kwa sababu hakuna anayenunua gari la miaka 50 akidhani halina kutu. Kilichoishusha ni kwamba mnunuzi aliyekuta jambo moja lililofichwa hukadiria kuwa yapo mengine kumi asiyoyaona, na hayo kumi huyakata kwenye bei, yawepo yasiwepo. Dalali mmoja alitushauri tuyazibe matundu kwa pati, ule mchanganyiko wa kuzibia bodi, na kupaka gari lote rangi nyekundu. Nilikataa, kwa sababu mimi mwenyewe huenda kutazama magari ya watu nikiwa na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaani: kwenye chuma hunata, kwenye pati huanguka, na ikianguka mara mbili nami humwambia aliyeniita tuondoke.

Basi tangazo tukaliondoa, nikaliandika upya kwa mkono wangu. Tulilinyanyua gari kwa jeki na kuliweka juu ya magogo, tukang'oa mazulia yote, tukapiga picha 64. Kwenye 240Z kutu ina makao yake yanayojulikana na kila anayelipenda gari hilo: kibao kinachobeba betri, ambako tindikali hudondoka miaka nenda miaka rudi, mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, ile sehemu ya nyuma ya milango niliyoitaja, na ukingo wa chini wa mlango wa buti, ambako maji hutuama mpira wake ukishakauka. Kila sehemu kati ya hizo niliipiga picha ya karibu, pamoja na zile mbili zilizokuwa salama. Sakafuni upande wa abiria nilichoma bisibisi ikatokea chini, nikaipiga picha ikiwa imening'inia pale pale. Kijana aliona nimerukwa na akili. Baadaye aliyelinunua gari aliniambia kwamba ilikuwa ni picha hiyo ya bisibisi iliyomfanya apige simu.

Injini sikuiwasha, na ningewasihi wauzaji wenzangu nao wasishughulike kuziwasha zao. Petroli iliyokaa miaka hugeuka utomvu, na tangi lenye kutu likivutwa hupeleka uchafu wake hadi kwenye kabureta, hivyo mtu anayetaka kumfurahisha mnunuzi kwa mngurumo wa dakika moja anaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Nilitoa plagi zote sita, nikatia mafuta kidogo katika kila silinda, nikasubiri siku tatu, kisha nikaizungusha krenki kwa spana huku kijana akinirekodi kwa simu. Video ilikuwa ya sekunde 20 tu, nayo ilitosha kuonyesha kwamba injini haijakwama. Kabureta zake ni mbili, na kuba (kifuniko cha juu) la ile ya nyuma halikuonekana popote, nalo ni pengo kubwa kwa vile kuba na pistoni yake huchongwa kwa kulinganishwa na haifai kubahatisha la gari jingine. Hilo nalo nililiandika.

Kisha zipo nambari. Katika gari hili nambari ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na magari yenye usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani huanza na herufi HS30. Ndani ya boneti kuna kibati kinachotaja nambari hiyo pamoja na ya injini, na ya injini imegongwa tena kwenye bloku karibu na herufi L24 zinazotaja aina ya injini. Kama zote zinakubaliana, gari bado lina injini liliyotoka nayo kiwandani, na hiyo ni thamani ambayo rangi mpya haiwezi kuileta. Nimekagua matangazo mengi mwaka huu, na ni nadra kuona hata picha moja ya kibati hicho, ingawa picha za magurudumu ya kung'aa hazikosekani. Kitabu cha umiliki ni habari nyingine: kionyeshwe kuwa kipo, lakini jina na nambari ya kitambulisho vifunikwe, kwa maana matapeli nao husoma matangazo.

Kuhusu Safari Rally, kijana hakuwa wa kwanza kuteleza. 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, pale Mehta alipolingana pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Kwa sababu ya historia hiyo, kila Datsun iliyochakaa nchini husemwa kuwa iliwahi kushindana. Gari lililoshindana huacha alama zake: bodi iliyoongezewa vyuma na kuchomelewa, matundu ya taa za ziada, mahali palipofungwa mabomba ya kumkinga dereva. La kaka yangu halikuwa na hata moja. Yeye alisimama kando ya barabara akitazama vumbi likipita, na sentensi ile niliifuta kabla ya nyingine yoyote.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa langu. Tulitangaza gari la marehemu kabla ya mirathi kukamilika. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, msimamizi wa mirathi hutakiwa kwa kawaida kusubiri miezi sita tangu apewe barua za usimamizi ndipo zithibitishwe na mahakama na mali igawanywe, na anayeigusa mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa. Mtu wa Nairobi aliyekuwa na pesa taslimu aliniuliza kwa heshima, "Mzee, gari hili ni la nani kwa sasa?" Sikuwa na jibu la maandishi, naye akarudi kwao, tena alifanya vizuri. Tangazo la pili lilingoja hadi hati ilipothibitishwa, na uhamisho ukafanyika katika mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, bila matatizo.

Mnunuzi alipatikana baada ya siku 11. Bei sitaitaja kwa kuwa ni haki ya watoto wa kaka, ila ilizidi ile ya juu kabisa iliyotajwa na wale saba wa mwanzo, na hakukata hata shilingi moja alipofika, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichomshtua.

Ninaandika haya kwako, Mhariri, kwa sababu gazeti lako nalo huchapisha matangazo madogo ya magari. Kanuni zetu haziruhusu kuingiza nchini gari la mitumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya kale tuliyo nayo hayana mbadala, na linaponunuliwa na mtu asiyejua alichonunua mara nyingi huishia kukatwakatwa na kuuzwa kama vipuri. Ningependekeza kwamba anayetangaza gari la kufufuliwa atakiwe kuleta angalau picha ya chini ya gari na ya kibati cha nambari, na aseme waziwazi kama injini inazunguka au la. Hayo hayagharimu chochote zaidi ya jeki na nusu siku.

Katika tangazo langu nilikosea mahali pamoja tu. Wiki mbili baada ya gari kupakiwa kwenye lori kwenda Nakuru, mnunuzi alinipigia simu akaniambia kuwa alipolifungua tangi la petroli alilikuta lile kuba la kabureta limefichwa juu yake, limefungwa kwa uangalifu ndani ya ukurasa wa gazeti. Akaniuliza kwa utani kama bei sasa ingepanda.

Makanika mstaafu,
Mombasa