Vocha ya mtihani inunuliwe mwisho jamani

Mwezi uliopita siku ya jumamosi aliingia mama mmoja hapa kwetu, elfu arobaini amezifunga kwenye pindo la leso, zamu yake ya chama ilikuwa imefika, akanambia mwanangu nataka nimlipie huyu kijana mtihani wake wa kompyuta leo leo kabla sijazila kwa mambo mengine. Kijana mwenyewe yuko nyuma yake macho kwenye simu. Nikamuuliza mtihani gani, akasema CCNA, ule wa Cisco wa mitandao ya kompyuta. Umesoma kiasi gani? Nimeanza wiki ilopita. Basi nikamwambia mama, rudi na pesa zako nyumbani, akaniangalia vile mtu anaangalia muuza samaki anayekataa kuuza samaki, na kweli nilikuwa nakataa biashara manake sisi twachukua ada kidogo kwa kila mtu tunaemsaidia kulipia na kubuku mtihani.

Naandika hii kwa sababu mama kama huyu wanakuja karibu kila wiki, na wengine sio mama ni vijana wenyewe wameuza simu ama wamekopa kwa kaka zao.

Hesabu yenyewe iko hivi. CCNA ya Cisco, ile 200-301, bei yake ni dola 300. Dola ikiwa kwenye shilingi 130 hiyo ni elfu 39, kodi ikiongezwa hiyo ni juu yako. Mwanzo wa 2024 shilingi ilipoanguka mpaka kwenye 160 hivi, mtihani ule ule swali lile lile ulikuwa unagonga elfu 48, yaani elfu tisa zimeenda na hakuna ulichoongezewa. Security+, ule wa usalama wa CompTIA, watoa vyeti wengine hao, kwa bei ya Marekani imepita dola 400. A+ yao, ile ya ufundi wa kompyuta, watu wengi hudhani ni mtihani mmoja, la, ni miwili na kila mmoja una vocha yake, yaani namba unayonunua ya kulipia mtihani, ukilipa mmoja huna cheti, una nusu ya cheti na nusu haipo. Na ukianguka hakuna kurudishiwa wala kupunguziwa, walipa upya yote. Cisco watakwambia subiri siku tano ndio urudie, AWS, wale wa klaudi ya Amazon, siku kumi na nne, lakini hizo siku sio shida, shida ni elfu 39 nyingine zitoke wapi.

Sasa makosa ninayoyaona hapa ni ya aina mbili na yote ni ya mpangilio, sio akili. Wa kwanza ananunua vocha mwanzo, ati imsukume kusoma. Tulikuwa na kijana mmoja wa Likoni, mzuri sana wa mambo ya hardwea, alinunua vocha ya CompTIA akiwa na moto, kisha akapata kazi ya shifti, ferry asubuhi ferry usiku, vocha hizo hukaa miezi 12, mwezi wa kumi na tatu ndio akaikumbuka. Imekufa. Alikuja hapa na ile barua pepe kwenye simu akidhani tuna njia, hatukuwa na njia. Wa pili ni kinyume chake, anamaliza pesa zote kwenye darasa la gharama, anapewa fulana na cheti cha kuhudhuria chenye riboni, afu siku ya mtihani wenyewe mfuko mtupu. Cheti cha kuhudhuria na cheti cha Cisco ni vitu viwili, muajiri anajua tofauti hata kama shangazi yako hajui.

Mimi nasema kusoma kwaweza kuwa bure ama karibu na bure, pesa iekewe mtihani. Programu ya Packet Tracer ya Cisco ni bure, wajiandikisha tu kwenye NetAcad, tovuti yao ya mafunzo, unaishusha, unapata swichi na rauta za kuchezea ambazo ukitaka kununua za kweli utauza shamba. YouTube yuko Professor Messer amefundisha A+, Network+ na Security+ zote mwanzo mpaka mwisho bila kulipisha video, na kwa CCNA yuko Jeremy's IT Lab. Anaetaka njia ya Azure, klaudi ya Microsoft, Microsoft Learn ni bure. Gharama yako hapo ni bando na muda. Tena sisi watu wa Mombasa tusiseme intaneti iko mbali, nyaya za chini ya bahari SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, nchi nzima yavuta mtandao kupitia mlangoni kwetu.

Kinachosumbua watu kwenye CCNA ni sabneti, yaani kugawa mtandao mmoja vipande vipande, nikitaja hilo neno nusu ya darasa inaangalia saa. Lakini fikiria mkate wa sinia. Sinia nzima ni anwani 256, hiyo ni /24. Kata katikati, kila upande 128, hiyo /25. Kata tena, vipande vinne vya 64, hiyo /26. Na kwenye kila kipande pembe ya kwanza ni jina la mtandao na pembe ya mwisho ni ya brodkasti, ya kutangazia wote, hizo hazigawiwi mtu, kwa hivyo /26 walaji wako ni 62. Endelea kukata mpaka vidole vizoee. Hakuna siri nyingine, ni kukata mkate kila siku dakika ishirini kwa mwezi mmoja na utakuwa wafanya kichwani ukiwa kwenye matatu. Na hiyo sehemu ya kupeleka pakiti kutoka mtandao hadi mtandao, rautingi na wenzake, peke yake ni asilimia 25 ya mtihani, kwa hivyo ukiiruka umejiangusha mwenyewe.

Kitu kingine watu hugundua wakiwa ndani tayari. CompTIA wanakuruhusu kuweka alama swali uliache urudi baadae, na maswali ya vitendo, yale ya kuburuta na kupanga, mara nyingi huja mwanzo, sasa mtu anakwama hapo dakika thelathini na mtihani mzima ni dakika 90 kwa maswali yasiozidi 90. Ruka, fanya ya kuchagua kwanza, rudi. Cisco hapana. Cisco ukishabonyeza mbele hakuna kurudi nyuma, swali limekwenda na maji. Kwa hivyo mazoezi ya mtihani mmoja sio mazoezi ya mwingine.

Madampu. Lazima niseme kwa sababu kila wiki mtu ananitumia kwa WhatsApp PDF ya maswali ya kweli shilingi mia tano ananiuliza kaka hii ni poa? Sio poa. Mkataba unaoukubali kabla ya mtihani unakataza, wakikugundua alama yafutwa na waweza fungiwa. Lakini hilo wacha, mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kabla sijafungua hapa nilikuwa nasaidia kuhoji watu wa IT kwa hoteli moja huku pwani, akaja mtu na cheti safi kabisa, nikampa kebo na swichi nikamwambia tenganisha mtandao wa wageni na wa ofisi. VLAN mbili tu hizo, mitandao miwili ndani ya swichi moja. Alikaa pale jasho linamtoka na AC iko. Ilinihuzunisha manake pesa alilipa, mtihani alipita, na kazi hakupata.

Sasa nyumbani ama senta? Mitihani mingi siku hizi waweza fanya onlaini ukiwa kwako, msimamizi anakuangalia kwa kamera. Inasikika rahisi. Chumba kiwe kitupu, mlango umefungwa, upige picha pande zote nne, simu mbali, hakuna mtu kuingia hata mara moja. Nyumba gani ya Majengo ama Kisauni haiingii mtu masaa mawili? Mtoto wa jirani anakuja kuomba barafu, kwa pili kuna harusi wamefunga spika tangu alhamisi, stima inakwenda, feni inasimama na jua la mwezi wa pili unalijua. Na kuna jambo ambalo limewaponza wengi hapa kwetu, sisi tumelelewa chuoni, madrasa, kusoma kwa sauti, ukisoma midomo yacheza hata hujui, msimamizi akiona midomo anakupa onyo, akidhani kuna mtu unamsomea maswali. Mazoezi tunayofanya hapa ni kukaa saa nzima mdomo umefunga, watu hucheka siku ya kwanza. Halafu nyumbani karatasi na kalamu kwa kawaida haziruhusiwi, unapewa ubao wa kwenye skrini wa kuandika na mausi, sasa jaribu kukata ule mkate wa sinia na mausi uone. Kwa CCNA mimi hupendelea senta, unapewa kibao na kalamu yake, unaandika kama binadamu.

Halafu jina. Hili ndilo linaniumiza zaidi kwa sababu halina uhusiano na kusoma. Jina la kwenye akaunti ya mtihani lazima lifanane na kitambulisho. Sisi pwani majina yetu yana safari ndefu, kwenye cheti cha shule ni Mohamed, kitambulisho kimeandika Muhammad, barua pepe ni Moha na nambari ya mwaka wa kuzaliwa, kuna wenye bin na binti katikati, kuna aliyeandikisha la ukoo ambalo kwenye kitambulisho halipo kabisa. Siku ya mtihani wakikataa wamekataa, na pesa huenda imekwenda. Kwa hivyo hapa kabla hatujagusa chochote twafungua akaunti na kitambulisho kikiwa mezani, herufi kwa herufi, na kama kuna kosa twawaandikia warekebishe mapema, sio usiku wa kuamkia mtihani.

Huduma yetu sasa, kwa kifupi. Chumba cha nyuma kina viti vinne, stima ikikatika kuna inveta, shilingi 200 kwa siku kusoma na kufanya labu, wanafunzi wa chuo 150. Kila jumamosi tuna mtihani wa majaribio wa saa kamili, kimya, simu kwenye beseni. Ukipata 85 kwa mia mara tatu mfululizo, maswali tofauti sio yale yale, hapo ndio twakaa tulipe. Malipo twafanya na kadi yako, kama huna kadi ya benki kuna ile ya visa ya kwenye Mpesa, GlobalPay, iliyotoka 2022, na twakuonyesha ulipe mwenyewe kwa mkono wako.

Na kwa wasio na mkupuo tuna daftari la kibubu. Pesa hatukai nazo sisi, mimi sitaki lawama, zinakaa kwenye simu yako kwa akaunti ya kufunga ya M-Shwari, sisi twaandika tu kwenye daftari na kukupigia kelele ijumaa jioni. Elfu moja na mia tano kila wiki, wiki 26 umefika elfu 39, na miezi sita hiyo ndio muda ambao mtu mwenye kazi huhitaji kuiva kwa CCNA. Kama hata hiyo ni nzito, anza chini, Cloud Practitioner ya AWS ni dola 100 na ukipita wanakupa nusu bei ya mtihani wao unaofuata. Wapo pia ISC2, shirika la vyeti vya usalama wa mtandao, 2022 walitangaza kozi na mtihani wa kwanza wa usalama wa mtandao bure kwa watu milioni moja, ila ujue ukipita kuna ada ya dola 50 kila mwaka, watu husahau hapo.

Kumbuka pia vyeti hivi vingi, CCNA, CompTIA, AWS, huisha baada ya miaka mitatu, kwa hivyo usichukue vitano kwa mpigo kwa sababu rafiki yako ameviweka LinkedIn.

Ijumaa twafunga saa sita hadi saa nane. Njoo na kitambulisho.

Yule kijana wa mama sasa anakuja jumanne na alhamisi, sabneti ameshaizoea, jumamosi ilopita alipata 61. Mama yake amenipigia mara mbili kuniuliza kama tayari alete zile pesa. Bado, mama.