Barua kwa mwanangu: pupusa zisizopasuka

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini pupusa zako, ile mikate ya mahindi ya El Salvador inayojazwa ndani, zinapasuka ukingoni na jibini inavujia kwenye chuma cha kukaangia. Kosa haliko kwenye moto, liko kwenye kinyunya.

Sembe na dona haviwezi kazi hii, hata ukande mpaka jioni. Unga wa pupusa, ambao huko Marekani madukani huandikwa masa harina, hutokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa ya kula, yakalowekwa usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Chokaa hulegeza ganda la punje na kuufanya unga ushikamane ukitiwa maji. Soma pakiti vizuri, mwanangu: unga wa arepa, mikate ya mahindi ya Venezuela na Kolombia, unafanana nao kabisa kwa sura, ila haukupitia chokaa.

Pima unga vikombe 2, chumvi kijiko kidogo 1, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na nusu. Ukishakanda, funika kwa kitambaa kibichi dakika 15. Usiruke hatua hii, kwani unga huu hunywa maji polepole, na kinyunya kilichokuwa laini mwanzoni hukauka ukiwa bado unahangaika na maharage. Kisha jaribu: bonyeza kidonge kidogo kwa kidole gumba. Ukingo ukipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kikinata viganjani, nyunyiza unga kidogo. Kiwe laini kuliko cha chapati. Utapata madonge 7 au 8 ya gramu 80.

Vya kujazia viwe vikavu. Maharage mekundu yaliyoiva yaponde, yakaange na kitunguu mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia yake ibaki wazi. Yaache yapoe kabisa, la sivyo jibini itayeyuka mkononi. Nusu kikombe changanya na gramu 150 za jibini iliyokwaruzwa, ukande pamoja hadi iwe kama rojo zito. Wasalvador hutumia quesillo, jibini yao laini. Ukiikosa, mozzarella kavu inafaa, si ile inayouzwa ndani ya maji. Pupusa wanayoiita revuelta huongezwa chicharrón, yaani nyama ya nguruwe iliyopikwa ikasagwa, lakini ya maharage na jibini inajitosheleza.

Lowesha viganja kwa maji yenye mafuta kidogo. Bonyeza donge liwe kibakuli chenye kuta za unene mmoja, tia mchanganyiko wa maharage na jibini vijiko vikubwa 2, kusanya ukingo juu, na kinyunya kinachozidi pale kwenye fundo kinyofoe. Ukikiacha, upande huo utabaki mbichi. Halafu pigapiga kati ya viganja huku ukiizungusha, mpaka ifike upana wa sentimita 12 na unene wa sentimita 1. Ufa ukitokea, uzibe hapo hapo kwa kidole chenye maji.

Chuma kizito, moto wa wastani, mafuta ya kupangusia tu. Kila upande dakika 4, mpaka madoa ya kahawia yatokee. Moto mdogo huikausha, mkubwa huiunguza nje na kuacha ndani unga mbichi. Jibini kidogo ikitokeza na kuungulia pembeni, usihuzunike. Hapo ndipo patamu zaidi.

Usizile bila curtido, kachumbari yao ya kabichi. Kata kabichi nusu nyembamba, karoti 1 na kitunguu nusu, mwagia maji yanayochemka dakika 1, chuja, kisha tia siki nusu kikombe, maji robo kikombe, chumvi na oregano. Inahitaji kulala usiku mmoja kwenye friji. Pamoja nayo huwekwa mchuzi mwepesi wa nyanya, na huliwa kwa mkono.

Ukitaka kualika wenzako, Jumapili ya pili ya Novemba ndiyo siku ya pupusa El Salvador tangu 2005. Curtido iandae Jumamosi.

Mama yako akupendaye